Redio Ikikosea, Askari Afanye Nini?

Askari wa zamu katika chumba cha mashtaka hafungui jalada kwa neno "inasemekana". Mwananchi akija mbio na kusema kwamba ameibiwa, askari humtuliza, humkalisha, kisha humwuliza: umeibiwa nini, wapi, saa ngapi, nani alikuwapo, na dalili gani zimebaki? Bila majibu hayo hakuna upelelezi, na bila upelelezi hakuna kesi. Kila kijana aliyepita katika chuo cha polisi anaijua kanuni hiyo. Lakini ni jambo la kushangaza kwamba askari huyohuyo, akisikia redioni habari ya uongo juu ya kikosi chake, au akisoma gazetini maneno ya kuchochea watu, husahau yote aliyofundishwa. Hupandwa na hasira, hulaani mbele ya wenzake kantini, kisha huenda kulala. Redio haisikii laana za kantini.

Mazungumzo ya leo yanahusu namna ya kulalamika juu ya yale yanayotangazwa na yanayochapishwa, ili malalamiko hayo yafike yanakotakiwa na yafanye kazi. Mifano yake inatoka katika nchi jirani, maana wahenga walisema kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Majirani wa Tanzania wamenyolewa kwa wembe mkali.

Mfano wa kwanza ni wa Rwanda. Kituo cha redio cha RTLM kilianza kutangaza mjini Kigali mwezi wa Julai 1993. Kilikuwa mali ya watu binafsi, na kilipendwa upesi, hasa na vijana, kwa sababu ya muziki wake na watangazaji wake waliozungumza kama watu wa mtaani. Lakini ndani ya utamu ule mlitiwa sumu ya ukabila. Wako waliotambua sumu hiyo mapema. Waziri wa Habari wa Rwanda wakati huo, Faustin Rucogoza, aliiandikia RTLM barua. Kisha, tarehe 26 Novemba 1993, aliwaita wakuu wa kituo hicho mkutanoni, akawaeleza kwamba matangazo yao yalivunja mkataba ambao wao wenyewe waliutia sahihi na serikali, na kwamba yalikuwa yakiwagawa wananchi. Wakuu hao walikiri kwamba watangazaji wao walifanya makosa, wakaahidi kujirekebisha. Hawakujirekebisha. Tarehe 10 Februari 1994 Waziri aliwaita tena, akawakumbusha ahadi yao, na hotuba yake ikaonyeshwa katika televisheni ya taifa.

Kwa kipimo cha karatasi, malalamiko ya Waziri Rucogoza yalikuwa kamili. Yalitaja mkataba uliovunjwa, yalitaja matangazo yenyewe, na yalitaja ahadi iliyotolewa na kusahauliwa. Kitu kilichokosekana ni kimoja tu, nacho ni mkono wa kutekeleza. Kituo kile kilikuwa na watu wazito nyuma yake, na Rwanda haikuwa na chombo huru ambacho kingeweza kusema "simama" na amri hiyo ikatiiwa. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa mjini Kigali. Kesho yake Waziri Rucogoza aliuawa. Katika muda wa siku 100 hivi zilizofuata, RTLM ilitaja hewani majina ya watu, mahali walipojificha, hata magari waliyosafiria. Wanajeshi na wanamgambo waliokuwa katika vizuizi vya barabarani, redio ikiwa kando yao, walisikiliza na kutenda waliyoambiwa.

Jambo hilo la mwisho ni la kuzingatiwa sana na kila msikilizaji aliyevaa sare. Mtu mwenye silaha anaposikia uchochezi, hana nafasi ya kuwa msikilizaji tu. Ama atakuwa wa kwanza kuutambua na kuukataa, ama atakuwa chombo cha kuutekeleza.

Wakati mauaji yakiendelea, ilipendekezwa kwamba matangazo ya RTLM yazibwe kwa mitambo ya kijeshi. Maofisa wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani waliandika tarehe 5 Mei 1994 kwamba kufanya hivyo kwa ndege kungegharimu kiasi cha dola 8,500 kwa kila saa ya kuruka, na kwamba njia hiyo haifai. Redio ikaendelea. Malalamiko ambayo Novemba 1993 yangeweza kutimizwa kwa sahihi ya mtu mmoja, Mei 1994 yalihitaji ndege za kivita, nazo hazikuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo, karatasi za Waziri yule hazikupotea bure. Tarehe 3 Desemba 2003, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda ilitoa hukumu katika kesi iliyokuja kujulikana kama kesi ya vyombo vya habari. Walioshtakiwa walikuwa Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Majaji walisikiliza matangazo yaliyonaswa katika kanda. Aidha, walizingatia mikutano ile miwili ya Novemba na Februari, kwa sababu ilionyesha kwamba wakuu wa kituo walionywa na wakajua. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu zao ziwe kifungo cha miaka 30, 32 na 35. Lakini kosa moja la Nahimana lilibaki pale pale, nalo ni kwamba hakuwazuia wala kuwaadhibu watangazaji waliokuwa chini yake. Wanajeshi wanaifahamu vizuri sheria hiyo. Mkuu anayejua makosa ya walio chini yake, na anao uwezo wa kuyazuia, asipoyazuia huyabeba mwenyewe.

Basi Rwanda inafundisha mambo mawili kuhusu malalamiko. La kwanza ni kwamba yaandikwe mapema, wakati ufa bado ni ufa. Yakiandikwa vyema, hata yasipotimizwa leo, huondoa kisingizio cha "hatukujua" kesho. La pili ni kwamba yafikishwe mahali penye uwezo wa kutenda. Malalamiko yasiyo na ushahidi ni kelele, na malalamiko yenye ushahidi yasiyofika kwa mwenye mamlaka ni kumbukumbu tu.

Mfano wa pili ni wa Kenya, nao unaonyesha kosa la upande mwingine. Mwezi wa Februari 2006 gazeti la The Standard la Nairobi lilichapisha habari kwamba Rais Mwai Kibaki alikutana kwa siri na mwanasiasa Kalonzo Musyoka. Pande zote mbili zilikanusha. Kama habari ile haikuwa ya kweli, njia ilikuwapo. Wahusika wangeweza kudai sahihisho katika ukurasa uleule, au kulipeleka gazeti mahakamani lithibitishe lilichoandika. Badala yake waandishi watatu walikamatwa. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia ofisi za gazeti hilo na kiwanda chake cha uchapaji, wakachoma magazeti yaliyokwisha kuchapwa, wakachukua vifaa, na kuizima televisheni ya KTN.

Kulipokucha, hapakuwa na mtu aliyeuliza tena kama mkutano ule wa siri ulifanyika au haukufanyika. Kenya nzima, na nchi za mbali pia, ziliuliza juu ya askari waliofunika nyuso. Serikali iliyokuwa na lalamiko juu ya habari moja ikageuka kuwa mlalamikiwa mbele ya dunia. Hapana shaka kwamba barua ya ukurasa mmoja, yenye kukanusha kwa ushahidi, ingefanya kazi kubwa kuliko moto ule.

Uganda nayo ina fundisho lake. Mwezi wa Septemba 2009 ghasia zilizuka mjini Kampala kuhusu safari ya Kabaka wa Buganda kwenda Kayunga. Vituo vinne vya redio vilifungwa, kikiwamo kituo cha CBS, na sababu iliyotolewa ni uchochezi. CBS haikurudi hewani hadi Oktoba 2010. Hapa si mahali pa kuamua nani alikuwa na haki katika ugomvi ule. Linalotakiwa kuonekana ni kwamba kituo kizima kinapofungwa, mtangazaji anayedaiwa kukosea hunyamazishwa pamoja na wenzake wasiodaiwa neno lolote, na wasikilizaji hukosa hata habari zisizo na lawama. Tena swali muhimu hupotea: ni maneno gani hasa yaliyosemwa, na yalivunja kanuni ipi? Mwaka 2013 Uganda ilitunga Sheria ya Mawasiliano yenye viwango vya chini vya utangazaji. Viwango hivyo vinataka, miongoni mwa mengine, kwamba kipindi kisikuze utamaduni wa ujeuri wala chuki za kikabila, na kwamba taarifa ya habari isipotoshe ukweli. Mtu akiwa na viwango kama hivyo mkononi, halazimiki tena kusema "redio ile ni mbaya". Anaweza kusema "kipindi kile, siku ile, kilivunja kiwango hiki".

Kenya yenyewe, baada ya kupita katika maumivu makubwa, ilijenga ngazi ambayo inastahili kueleweka. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua watu zaidi ya 1,100. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza machafuko hayo mwaka 2008, ilielezwa na mashahidi jinsi baadhi ya redio za lugha za makabila zilivyotia chumvi katika kidonda. Katiba mpya iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ikaweka mambo matatu bayana. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza, lakini inasema kwamba uhuru huo haufiki kwenye propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na maneno ya chuki. Ibara ya 34 inalinda uhuru wa vyombo vya habari na kuagiza kiwepo chombo huru cha kuweka viwango. Ibara ya 35 inampa kila mtu haki ya kutaka habari isiyo ya kweli au yenye kupotosha, inayomgusa yeye, isahihishwe au ifutwe.

Mwaka 2013 ikapitishwa Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari. Chini ya sheria hiyo ipo Tume ya Malalamiko, ambayo mwananchi anaweza kuiendea bila kuvunja mlango wa mtu. Anaweza kwenda mwenyewe akaeleza kwa mdomo, au akaandika. Lakini sheria inamtaka aonyeshe mambo matatu: sababu ya kulalamika, madhara yaliyompata, na nafuu anayoitaka. Tume inaweza kupatanisha, inaweza kusikiliza pande zote mbili, na ikiona kosa inaweza kuagiza sahihisho au ombi la radhi litangazwe, kutoa karipio, au kutoza faini isiyozidi shilingi 500,000 za Kenya kwa chombo cha habari na shilingi 100,000 kwa mwandishi.

Mambo yale matatu, yaani sababu, madhara na nafuu, ndiyo mifupa ya lalamiko lolote lenye nguvu, liwe la Nairobi, Kampala, Kigali au Dodoma. Walalamikaji wengi huishia kwenye la kwanza. Husema walivyochukizwa, wakanyamaza. Mhariri anayepokea barua ya namna hiyo hajui afanye nini nayo, kwa hiyo huitia kapuni.

Ifikiriwe kwamba redio fulani imetangaza kuwa askari wa kikosi kimoja walikataa kwenda kuwaokoa wananchi waliozingirwa na mafuriko, ilhali askari hao walikuwa wametumwa mahali pengine. Mtu mwenye hasira ataandika: "Redio yenu ni ya waongo, na bila shaka mnalipwa na maadui wa nchi." Barua hiyo haina kitu cha kujibiwa. Tena imemtukana mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kusahihisha kosa hilo siku hiyohiyo.

Mtu mwenye akili ya jalada ataandika hivi: "Katika taarifa ya habari ya saa 2 usiku, Jumanne, mtangazaji alisema kwamba askari wa kikosi hiki walikataa kwenda kuokoa watu. Habari hiyo si kweli. Kikosi hakikupewa kazi hiyo, na ofisi ya mkuu wa wilaya inaweza kuthibitisha. Tangu habari hiyo itangazwe, wananchi wamewazomea askari wetu sokoni, na watoto wao wanadhihakiwa shuleni. Tunaomba sahihisho lisomwe katika taarifa ileile ya saa 2 usiku, ndani ya siku saba." Barua hiyo ni fupi, haina tusi, na haimpi mhariri mahali pa kujificha. Imetaja kipindi na saa, imenukuu maneno, imeonyesha ushahidi na mahali pa kuuthibitisha, imeeleza madhara, na imeomba jambo moja linalowezekana. Imeomba pia kwamba sahihisho lisomwe saa ileile, ili waliosikia uongo wasikie na ukweli. Sahihisho linalosomwa alfajiri kwa kosa lililotangazwa usiku watu wote wakisikiliza, si sahihisho.

Lakini hapa pana tahadhari inayowahusu askari kuliko raia. Lalamiko lisitoe siri ili kukanusha uongo. Askari anayeandika kwamba "kikosi chetu hakikuwa pale, kilikuwa mahali fulani na idadi yetu ni kadhaa" amewapa wasiohusika habari nzito kuliko ile aliyoikanusha. Ndiyo sababu lalamiko linalohusu kikosi hupitia kwa mkuu wa kikosi na kwa wasemaji waliopewa kazi hiyo. Askari wa chini ana wajibu wa kuandika alichosikia na kukipeleka juu bila kuchelewa, na mkuu wake ana wajibu wa kutokikalia. Jambo linalomgusa askari kama mtu binafsi, kwa mfano gazeti kuchapisha picha yake na kumwita mhalifu kwa kukosea jina, ni haki yake kulifuatilia kama mwananchi mwingine yeyote, kwa kufuata taratibu za utumishi wake.

Ushahidi nao una namna yake. Siku hizi simu ya mkononi inaweza kunasa matangazo, nayo hueleza saa na tarehe. Asiyeweza kunasa, na aandike papo hapo maneno aliyoyasikia kama yalivyosemwa, bila kuyapamba, pamoja na jina la kipindi, saa, na jina la mwenzake aliyesikia naye. Maneno yanayokumbukwa baada ya wiki mbili huwa yameota mbawa. Aidha, vituo vya redio havitunzi kanda zao milele, kwa hiyo anayechelewa kudai huenda akakuta ushahidi umefutwa.

Pamoja na hayo, kunasa ushahidi si kuusambaza. Mtu anayepokea katika simu yake sauti ya uchochezi, akairusha kwa wenzake 200 huku akisema "hebu sikieni upumbavu huu", amekuwa mtangazaji wa pili wa maneno yaleyale. Sauti hiyo ipelekwe kwa mwenye kazi nayo tu.

Kisha kuna suala la mlango wa kubisha. Makosa hayafanani, wala dawa zake hazifanani. Kosa la jina, tarehe au tukio hupelekwa kwanza kwa mhariri, kwa sababu yeye ndiye aliye karibu na anaweza kulirekebisha upesi. Akikataa, au akinyamaza, lalamiko hupanda ngazi hadi kwenye baraza au mamlaka inayosimamia utangazaji, likiwa na nakala ya barua ya kwanza. Kuchafuliwa jina kwa madhara makubwa kuna mahakama yake. Lakini uchochezi wa kuua au kufukuza watu hausubiri siku saba wala barua ya mhariri. Huo ni kosa la jinai, na taarifa yake hupelekwa siku hiyohiyo kwa polisi na kwa mamlaka ya utangazaji. Nchini Kenya, Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inayahesabu maneno ya chuki ya kikabila kuwa kosa la kushtakiwa. Tanzania nayo ina milango yake: Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano, na Baraza la Habari lililoanzishwa mwaka 1995.

Jambo la mwisho ni gumu kuliko yote, nalo linahitaji uaminifu. Si kila habari inayouma ni ya uongo. Gazeti likiandika kwamba askari fulani alipokea rushwa kizuizini, na ikawa kweli alipokea, hakuna tume yoyote duniani itakayolisahihisha gazeti hilo. Wa kusahihishwa ni askari. Anayelalamikia ukweli huuza haki yake ya kusikilizwa siku atakapolalamikia uongo. Vilevile maoni si habari. Mwandishi anayesema kwamba mpango fulani wa polisi haufai ametoa maoni yake, na jibu la maoni ni maoni yenye nguvu zaidi, yaliyotiwa sahihi na kupelekwa gazetini humohumo. Kwa hiyo kabla ya kuandika, mlalamikaji na ajiulize maswali matatu: je, jambo hili ni habari au ni maoni? Kama ni habari, ni ya uongo, au inaniuma tu? Na kama ni ya uongo, ninaweza kuthibitisha?

Wapo wanaodhani kwamba kulalamika kwa kalamu ni udhaifu, na kwamba mwenye bunduki hana haja ya barua. Historia ya nchi jirani inasema kinyume. Waliovamia kiwanda cha magazeti Nairobi mwaka 2006 walikuwa na bunduki, nao hawakusahihisha hata sentensi moja. Kigali, bunduki zilipoanza kuitii redio, nchi iliangamia. Na miaka kumi baadaye Arusha, katika chumba kisicho na bunduki mezani, watu waliotumia redio kuua walikutana tena na maneno yao wenyewe, yakiwa na saa na tarehe, pamoja na kumbukumbu za mikutano ya waziri mmoja ambaye hakuishi kuiona siku hiyo.

Ndugu wasikilizaji, redio ni mali ya wanaoisikiliza kama ilivyo mali ya wanaoitangaza. Anayesikia kosa akanyamaza amelikubali likue, na anayelijibu kwa fimbo ameliongezea kosa la pili. Askari hodari huchukua kalamu mapema, akaandika alichosikia, saa aliyokisikia, na anachotaka kitendeke, kisha akakipeleka mahali panapostahili na kukifuatilia hadi kijibiwe. Kazi hiyo haihitaji elimu kubwa. Inahitaji nidhamu ileile inayotumika kila siku katika chumba cha mashtaka.